Amesoma, Lakini Ameelewa?

Leo tunazungumzia ufahamu, na ni mada ya walimu na wazazi pia.

Sikilizeni kifungu hiki: “Nekesa alifika ufuoni Sio Port alfajiri kununua omena. Mbalamwezi ilikuwa imeangaza ziwa usiku kucha. Alirudi nyumbani na beseni tupu.”

Muulize mwanafunzi Nekesa alienda wapi, naye atajibu papo hapo. Sasa muulize kwa nini beseni lilirudi tupu. Wengi watarudia kusoma wakilitafuta jibu, na jibu halimo katika maandishi. Wavuvi huwavuta omena kwa taa gizani; mbalamwezi iking’aa, taa hupoteza nguvu na nyavu hutoka na samaki haba. Mtoto aliyekulia karibu na ziwa analijua hilo. Kinachomkwamisha ni kwamba hatujamzoesha kukitumia anachokijua anaposoma.

Kwamba kuwa na kitabu pekee hakutoshi, tuna ushahidi wa hapa kwetu. Mwaka 1996, katika wilaya za Busia na Teso za wakati huo, shule 25 za msingi kati ya 100 zilipewa vitabu vya kiada. Matokeo yalichunguzwa na wanauchumi, akiwemo Michael Kremer, mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi ya 2019. Wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa wakifanya vizuri tangu awali. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao, na wengi hawakuweza kuvisoma wakavielewa. Vitabu tunavihitaji, ila kuelewa kunafundishwa.

Mwalimu, anza kabla ya kusoma. Taja kichwa cha habari, kisha uwaache watoto waseme wanachokijua kuhusu jambo hilo na wanachotarajia kukuta. Dakika tano zatosha.

Wakati wa kusoma, usingoje mwisho ndipo uulize. Mwaka 1984, watafiti wa Marekani Annemarie Palincsar na Ann Brown walieleza njia ambayo wanafunzi huongozana wenyewe kwa kazi nne. Gawa darasa katika makundi ya watu wanne. Kila aya ikiisha, mmoja anaifupisha kwa sentensi moja, wa pili anawauliza wenzake swali, wa tatu anafafanua palipowatatiza, wa nne anatabiri kinachofuata. Aya inayofuata, wanabadilishana kazi. Uzuri wake ni kwamba kitabu kimoja kinatosha kundi zima. Neno gumu likitokea, wasome sentensi iliyotangulia na inayofuata, wakisie maana, kisha kamusi iwathibitishie.

Baada ya kusoma, yapunguze maswali ambayo hujibiwa kwa kunakili sentensi kutoka kitabuni. Uliza kwa nini. Uliza ingekuwaje kama giza lingetanda usiku ule. Na kila jibu likitolewa, fuatisha swali hili: umejuaje? Hapo mwanafunzi hulazimika kuonyesha njia aliyopitia, na wenzake huisikia.

Wewe mzazi, usijitoe eti kwa sababu hukusoma sana. Mtoto akimaliza kusoma, mwambie afunike kitabu akusimulie kwa Kisamia, Kikhayo, Kiteso au Kijaluo. Akishindwa kulieleza jambo kwa lugha anayoiongea kila siku, huenda hajalielewa, hata kama aliyatamka maneno yote bila kukosea. Mrudishe kitabuni bila kumgombeza.

Kazi yenu ya wiki hii ni hii: kila jioni, mtoto asome ukurasa mmoja, asimulie, kisha wewe umuulize “kwa nini” mara moja na “umejuaje” mara moja. Walimu, jaribuni makundi ya wanne katika somo moja tu. Kipindi kijacho tutazungumzia ufupisho.