Crucible: Historia Kubwa, Ukumbi Mdogo

Ukumbi wa Crucible mjini Sheffield, Uingereza, ulifunguliwa mwaka 1971 kama jumba la maigizo. Tangu 1977 ndiyo nyumba ya mashindano ya dunia ya snuka.

Kwanza, rekodi zake. Mwaka 1983 Cliff Thorburn alikuwa wa kwanza kupata pointi 147 kwa zamu moja katika mashindano hayo. Mwaka 1985 Dennis Taylor alimshinda Steve Davis 18 kwa 17, kwa mpira mweusi wa mwisho. Stephen Hendry na Ronnie O'Sullivan wametwaa ubingwa mara saba kila mmoja ukumbini humo.

Pili, mjadala wa kama mashindano hayo yahamishiwe ukumbi mwingine. Ukumbi huchukua watazamaji wasiofika elfu moja. Wanaotaka uhamisho wanasema ukumbi mkubwa ungeleta tiketi nyingi na zawadi nono. Wanaoupinga wanajibu kuwa ukaribu wa mashabiki na meza, pamoja na historia hiyo, havinunuliki.

Kwa msikilizaji, jambo hili linagusa kila mchezo unaopendwa: shabiki wa kawaida anahitaji nafasi ya kuingia, na pia kumbukumbu za kurithisha. Je, kipi kitangulie?