Afya Nyumbani: Tunda na Pombe Kali



Mama mmoja anauliza: nanasi likilowekwa ndani ya kanyanga, pombe kali ya kienyeji, je, sumu inatoka? Hapana, mama. Tunda huleta ladha na harufu tu.

Sumu inayotutisha ni methanoli. Huchemka kwenye nyuzi 65, alikoli ya kawaida kwenye 78. Kwa hiyo hutangulia kutoka mtambo wa kutengenezea pombe unapochemka, lakini sehemu yake hubaki hadi mwisho. Haina rangi, na kuonja hakuigundui. Kuwasha moto pia si kipimo: zote mbili huwaka buluu.

Kwa hiyo, ukitaka kuloweka matunda, nunua pombe iliyofungwa kiwandani, yenye nguvu ya asilimia 40. Alikoli ya kusafishia vidonda usiiguse kwa kunywa. Osha chupa ya kioo kwa maji ya moto. Katakata nanasi au embe lililoiva. La limau weka ganda la njano pekee, kwani sehemu nyeupe iliyo chini yake ni chungu. Tunda lizame lote, chupa ikae gizani siku tano, kisha chuja.

Dalili za methanoli huweza kuchelewa hata siku nzima: kichwa kuuma, kutapika, macho kuona ukungu, kuhema mbio. Usimwache mgonjwa alale “pombe itoke”. Mkimbize hospitali mara moja, na ubebe pia chupa aliyoinywea.

Wajawazito, watoto na madereva, hii si yenu.