Shule ya Wazee Wetu Isibomolewe

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wazazi)



Tumesikia kwamba kamati inataka kuibomoa nyumba ya kwanza ya shule yetu, ili mahali pake ijengwe nyumba ya mwalimu. Sisi tuliopita chuo cha ualimu twaijua taabu ya mwalimu asiye na pa kulala. Nyumba ya mwalimu hatuipingi. Tunapinga mahali ilipopangiwa.

Tukumbuke mwanzo wa shule hizi. Mwaka 1929 misheni kadhaa katika nchi ya Wakikuyu ziliwataka walimu na wazazi waikane tohara ya wasichana. Waliokataa, watoto wao walitolewa shuleni. Tohara hiyo hatuitetei. Sheria yetu imeikataza, na ni vema. Lakini wazee walipofungiwa mlango hawakukaa kulia. Walichanga, wakakata miti, wakakanda udongo, wakajenga shule zao wenyewe. Hii yetu ni moja ya hizo.

Shule zikawa nyingi, walimu wakawa haba. Ndipo mwaka 1939 kikafunguliwa chuo cha ualimu cha Githunguri, chini ya Bwana Mbiyu Koinange, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Marekani. Marika yalichanga fedha, na akina mama wakachanga zao ili wasichana wapate bweni. Bwana Jomo Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza mwaka 1946, akaja kukiongoza.

Tarehe 20 Oktoba 1952 ikatangazwa Hali ya Hatari. Chuo kikafungwa, na shule za kujitegemea zikafungwa. Pale Githunguri palipokuwa na ubao na chaki, serikali ya kikoloni ikasimamisha mti wa kunyongea watu. Ndugu, nyumba isiyo na maana haipigwi vita namna hiyo.

Nyumba yetu ni ndogo, ya udongo, na mabati yake yameshika kutu. Lakini ni stakabadhi. Yaonyesha kwamba elimu hatukupewa bure. Ilinunuliwa kwa shilingi za watu maskini. Tukiichana stakabadhi hii, kesho akija mtu akawaambia wajukuu kwamba babu zao walikaa tu wakingoja kuletewa, tutamjibu kwa kitu gani?

Basi twaomba mambo matatu. Kwanza, nyumba ya mwalimu ijengwe upande wa pili wa kiwanja. Vijana wa chama watabeba mawe. Pili, paa liezekwe upya kabla ya mvua. Tatu, wazee waliosoma humo, ambao sasa ni wachache, waulizwe majina ya waliojenga, nayo yaandikwe. Kisha tupeleke maombi kwa Makumbusho ya Taifa, kwa kuwa sheria ya mwaka 2006 yaruhusu nyumba za namna hii zitangazwe kuwa za kulindwa.

Jumamosi asubuhi tutakuwa pale na nyundo na misumari. Kila mwenye ngazi aje nayo.

Harambee!