Mwaka Mmoja wa Ziwa

 

Naanza na siku moja ya Novemba. Mtihani wa kidato cha nne umekwisha na kijana amekabidhi karatasi ya mwisho. Kutoka siku hiyo hadi kidato cha tano kufunguliwa Julai, hana kengele wala daftari, na hakuna mtu anayemuuliza jambo. Mwenye uwezo anapelekwa tuisheni, akaanze masomo ya kidato cha tano kabla hajajua kama atachaguliwa. Wa Katonga na Kibirizi, hapa Kigoma, anaingia mwaloni. Binti anarudi jikoni, na wapo ambao hatuwaoni tena. Watu husema nchi yetu haiwezi kumpa mwanafunzi mwaka usio na mtihani. Zaidi ya nusu ya mwaka huo tunao tayari, na kila mwaka tunaumwaga kama maji machafu.

Fikra yenyewe si ngeni kwetu. Mwaka 1974 Ireland ilianza, katika shule tatu tu, mwaka wa katikati ya sekondari usio na mtihani wa taifa, ambao kijana huenda kufanya kazi, kuhudumia watu na kujaribu asichokijua. Korea Kusini ilijaribu muhula wa namna hiyo mwaka 2013. Lakini mwaka huohuo wa 1974, mwezi Novemba, TANU ilikutana Musoma na kuazimia kwamba mhitimu wa kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Afanye kazi kwanza, awajue watu atakaowatumikia. Na Mwalimu Nyerere alikuwa ameandika Elimu ya Kujitegemea tangu 1967. Hatukuwa nyuma ya mtu.

Nini kilitushinda? Wengine wanataja fedha, wengine idadi ya wanafunzi. Mimi nitataja nililoliona. Nililima shamba la shule miaka minne. Kila mwaka mahindi ya upande wa bondeni yalitoka ya njano, na hakuna siku hata moja mwalimu alituuliza kwa nini. Aliyechelewa namba alipewa matuta zaidi. Jembe likawa fimbo. Tuliondoka pale tukijua kulima kwa haraka na kuuchukia udongo, na jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu jibu lilikuwa chini ya miguu yetu. Kazi tuliipata, swali hatukupewa. Kazi isiyo na swali ni kibarua, hata ikifanyika shuleni.

Sasa tazameni ziwa hili la Tanganyika. Kina chake kinafika mita 1,470, na barani Afrika hakuna lenye kina kirefu kuliko hilo. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, wakawasha taa, wakangoja. Mbalamwezi ikiwa kamili mitumbwi hulala ufukweni. Kijana wa hapa anajua hivyo tangu utoto. Muulizeni kwa nini taa inashindwa mbele ya mwezi, dagaa wanafuata nini juu usiku, na mchana wanakuwa wapi. Hapo ndipo baiolojia yake yote ya kidato cha nne inapoamka. Muulizeni tena upepo wa kusi unapovuma kuanzia Mei unayafanyia nini maji. Unayasukuma ya juu kuelekea kaskazini, na kule kusini maji ya chini yenye rutuba yanapanda. Yule mama anayeanika dagaa kwenye kichanja hapa kwetu, riziki yake imefungamana na upepo huo.

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate nafasi ya kuzaana. Nyumba nyingi za mwaloni zilibanwa sana. Hebu fikirini kama katika kila mwalo wangekuwapo vijana kumi wenye rula, mizani na daftari, wakipima migebuka kabla ya kufungwa na baada ya kufunguliwa, na wakiandika pia bei ya sahani ya dagaa na mlo uliokosekana nyumbani. Miezi ya sasa isingemfikisha kijana huko: Julai angeondoka, na ziwa lilifunguliwa Agosti. Ndiyo maana naomba mwaka mzima, mvua, kusi na giza zake zote.

Jirani zetu wa Hifadhi ya Gombe wana ushahidi wao. Marehemu Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alishuka pale Julai 1960, akiwa na miaka 26 na bila shahada yoyote. Alikaa, akatazama, akaandika. Novemba mwaka huohuo akamwona sokwe akivua mchwa kwa jani la nyasi, na wataalamu wakalazimika kufikiri upya kuhusu binadamu na zana. Aliruhusiwa kutazama kwa muda mrefu bila kuulizwa alama zake.

Mzazi ataniuliza nani atamlisha mtoto mwaka huo. Ni swali la haki, na serikali haiwezi kulikwepa: chakula, jaketi za kujiokolea na ulinzi wa mabinti vitangulie daftari. Kalenda ya mitihani nayo itabidi isogezwe. Jambo ambalo sitaki lisogezwe ni siku ya kuanza. Mwaka huo uanze Novemba ileile, kabla ya matokeo ya Januari, wakati hakuna aliyefaulu wala aliyefeli. Atakayekosa nafasi ya kidato cha tano amalize mwaka pamoja na wenzake, awe kwenye mitumbwi inayochongwa Ujiji au kwenye michikichi ya Kihinga, akitafuta kwa nini michikichi aina ya tenera hutoa mafuta mengi kuliko ile ya dura.

Na mwishoni hakuna karatasi ya kujaza. Kijana asimame mwaloni, asubuhi mitumbwi ikiwa imeshapakua, awasomee waliomfundisha alichokiandika kuhusu samaki wao. Mvuvi akimwambia, "Hapana mwanangu, hapo sivyo," wakae chini wote wawili, wafungue daftari, waonyeshane.