Mtungi wa Jikoni na Maji ya Mtoni: Kumbukumbu Halisi na Kumbukumbu Pepe katika Kompyuta za Zamani

Mada kwa walimu na mafundi wa kompyuta, Mwingi



Kompyuta nyingi za shule zetu zilitufikia zikiwa zimeshatumika kwingine. Tangu Computers for Schools Kenya ianzishwe mwaka 2002, mashine zilizostaafu maofisini zimekuwa zikikarabatiwa na kupelekwa mashuleni. Kati ya nilizozishika mimi, nyingi ni za Pentium III, zenye RAM ya MB 128 na Windows XP. Nazo huhukumiwa haraka: "Hii ni nzito, prosesa imechoka." Leo nimekuja kuitetea prosesa.

Kiangazi, Mto Tyaa wa hapa Mwingi ni mchanga mtupu juu, lakini ukichimba unapata maji. Mama mwenye mtungi mmoja jikoni akimwambia mgeni kwamba maji yapo, hadanganyi. Swali ni yako wapi. RAM, yaani kumbukumbu halisi, ni ule mtungi wa jikoni. Diski ni mto. Kumbukumbu pepe ni ile kauli ya mama: programu huambiwa ina nafasi pana, yenye anwani mfululizo, bila kujua kipi kiko jikoni na kipi kiko mtoni. Kumbukumbu hugawanywa katika vipande sawa viitwavyo kurasa, na prosesa hutafsiri kila anwani kwa kutumia majedwali. Ukurasa unaotakiwa usipokuwemo kwenye RAM, kazi husimama hadi mfumo endeshi uulete kutoka kwenye diski, na pakiwa pamejaa, mwingine huondolewa kuupisha. Tangu Intel 386 ya mwaka 1985, kipimo cha kawaida cha ukurasa ni baiti 4,096, kama mitungi ya punda wetu ilivyo ya lita 20 yote. Ndiyo sababu ukurasa wowote hukaa mahali pa mwingine. MB 128 ni kurasa 32,768 tu.

Wazo hili la kumbukumbu pepe ni la kale. Kompyuta ya Atlas, iliyozinduliwa Manchester mwaka 1962, iliunganisha kumbukumbu yake ndogo ya sumaku na ngoma kubwa iliyozunguka, mtayarishaji programu akaziona kama hifadhi moja.

Shida ni mwendo. RAM ya enzi za Pentium III hujibu kwa takriban nanosekunde 100; diski, kwa takriban milisekunde 10. Hiyo ni tofauti ya mara laki moja. Kama kuchota mtungini kungechukua sekunde moja, safari ya mtoni ingechukua zaidi ya saa 27. Safari chache hazionekani. Lakini kurasa zinazohitajika kwa wakati mmoja zikizidi RAM, mashine hushinda njiani: inaleta huu, inatupa ule, kisha ule uliotupwa ndio unaotakiwa. Mwanasayansi wa kompyuta Peter Denning aliueleza ugonjwa huu mwaka 1968.

Niliukuta katika maabara ya shule moja. Mwanafunzi alifungua programu tatu, na taa ya diski ikawaka bila kupepesa kwa dakika nzima. Mashine ilikuwa imeshatengwa itupwe. Nikatoa kipande cha MB 256 kwenye mashine iliyokufa, nikakiongeza. Programu zilezile tatu zikafunguka, taa ikapepesa mara chache, ikatulia.

Kwa hiyo tazameni taa ya diski kabla ya kutoa hukumu. Kagueni aina ya kipande: SDRAM ya zamani na DDR haziingiliani, pengo la kila moja liko mahali tofauti, msilazimishe. Ubao mama wenye chipu za Intel 815 hauvuki MB 512. Msizime faili ya kumbukumbu pepe, ile inayotunza kwenye diski kurasa zilizoondolewa, mkitumaini kuongeza kasi. RAM ikijaa, programu zitakataa kufunguka au zitafungwa katikati ya kazi. Ni afadhali kuipa faili hiyo ukubwa usiobadilika, isitawanyike kwenye diski kila inapopanuka. Kuihamishia kwenye diski ya pili husaidia. Kuihamishia kwenye kigawanyo kingine cha diski ileile hakusaidii: punda ni yuleyule, na sasa njia imerefuka.