Kwenda kuona si kurudi

Neno lililotolewa mbele ya wanachama na wafadhili katika mkutano wetu wa Goma



Niliombwa niseme juu ya jambo moja linalokuja kila wiki katika simu zenu. Ndugu aliyebaki Rwamwanja, Nakivale, Kyaka, Kiziba ao Nyarugusu anaandika: "Kaka, huko sasa kuko namna gani? Tukuje ao tubakie?" Na sisi tulio huku tunajibu mbiombio. Mmoja anasema njooni, nyumbani ni nyumbani. Mwingine anasema musijaribu kabisa. Wote wawili wanasema kwa upendo. Lakini hakuna hata mmoja wao anayeweza kuamua kwa niaba ya nyumba ya watu saba.

Jibu langu ni fupi: mtu wa nyumba ile aje kuona kwanza, kisha arudi kule aliko awaambie wenzake, na wao waamue pamoja. Kwenda kuona si kurudi. Mtu aliyekuja kuona anapaswa kuwa na njia ya kwenda tena alikotoka. Kama njia hiyo imekatika, huyo hakuja kutembea, amehama tayari hata kama yeye mwenyewe hajajua.

Jambo hili si jipya. Mkataba wa Umoja wa Afrika wa mwaka 1969 juu ya wakimbizi, katika kifungu chake cha 5, unasema mkimbizi asirudishwe bila mapenzi yake. Kitabu cha HCR cha mwaka 1996 juu ya kurudi kwa hiari kinataja safari za kwenda kuona kama njia moja ya kumsaidia mkimbizi kuamua akiwa anajua. Jirani zetu Rwanda waliwaita raia wao waliokuwa ukimbizini kwa programu iliyoitwa "Njoo uone, nenda useme". Ninapenda sehemu ile ya pili, nenda useme. Kuona bila kurudi kusema ni nusu ya kazi.

Sisi Wakongomani tumejua namna nyingi za kurudi. Wale wa Fizi wanakumbuka Oktoba 2005, wakati HCR ilipoanza kuwavusha watu ziwa Tanganyika kutoka Kigoma mpaka Baraka, na meli ya MV Mwongozo. Kulikuwa orodha, kulikuwa watu wa kuwapokea. Lakini wengine wetu tulirudi kila mtu kivyake. Tarehe 22 Machi 2014, mtumbwi uliojaa kupita kiasi ulizama katika ziwa Albert. Waliokuwa ndani walikuwa hasa wakimbizi wa kambi ya Kyangwali, Uganda, waliokuwa wanarudi Kongo kwa nguvu zao wenyewe. Walikufa watu zaidi ya 200, na watoto wengi kati yao. Ninawataja kwa heshima. Kitu cha kwanza cha kuona kabla ya kuleta watoto ni njia yenyewe: gari gani, chombo gani, kinabeba watu wangapi, tutalala wapi katikati.

Na tumejua pia kurudi bila kuona kabisa. Kisha Goma kuchukuliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, kambi za wahamaji wa ndani pembeni ya mji, kama Bulengo na Lushagala, zilivunjwa Februari ile ile. Watu wengi sana walibeba mashiti na vyungu vyao kuelekea Masisi, Rutshuru na Nyiragongo kwa siku chache tu. Wengi walikuta nyumba haina mabati, shamba limelimwa na mtu mwingine, kituo cha afya hakina dawa. Hawakupata hata wiki moja ya kumtanguliza mtu. Sasa, aliye Uganda ao Tanzania na anaweza kupata wiki hiyo, aitumie.

Ninasema haya juu ya kuwa msukumo ni mkubwa. Tangu Aprili 2020, PAM ilipopunguza posho ya wakimbizi wa Uganda kwa asilimia 30, posho imekatwa tena na tena. Upande mwingine, serikali zinazungumza: mkataba wa Kongo, Rwanda na HCR ulitiwa sahihi Februari 2010, na Julai 2025 pande hizo tatu zilikutana tena Addis Ababa juu ya kurudi kwa wakimbizi. Njaa inakusukuma kutoka nyuma, maneno ya mikutano yanakuvuta mbele. Katikati ya hayo mawili, baba anaweza kuamua usiku mmoja. Tusimuache aamue peke yake.

Nani aje kuona?

Mara nyingi anakuja baba ao kaka mkubwa. Anafika kwenye kilima, anaona shamba la baba yake, moyo unajaa, anapiga picha, anarudi kusema "tunaenda". Mimi katika kazi yangu ya kutembelea vijiji nimekwisha ona kwamba mama anaona vitu vingine. Anauliza maji yanatoka wapi, kuni zinaokotwa wapi, na kama msichana anaweza kwenda kuziokota na kurudi salama. Kwa hiyo, kama franga zinatosha, waje wawili, mwanaume na mwanamke. Kama zinatosha mmoja tu, basi yule anayekuja abebe maswali ya wale wanaobaki, yameandikwa kwenye karatasi, swali la mama, la nyanya, la watoto. Akirudi, ajibu moja moja.

Na tusisahau vijana. Rwamwanja ilifunguliwa upya mwaka 2012 kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya kwetu. Mtoto aliyezaliwa pale mwaka ule leo ni kijana. Masisi hajaiona hata siku moja. Sisi tunasema "kurudi", lakini kwake ni kuhamia nchi nyingine. Naye ana haki ya kuuliza.

Kabla ya kutoka kambini

Kwanza, aulize ofisi iliyomuandikisha: ninaweza kutoka siku ngapi, kwa karatasi gani, na kuna uhakiki ama kuweka vidole tarehe gani? Mtu anaweza kukosa siku moja ya kuhesabiwa, na nyumba nzima ikahangaika miezi juu ya posho. Pili, asitie sahihi fomu ya kurudi kwa hiari kabla ya kuona. Fomu ile ni ya mtu ambaye amekwisha kuamua. Tatu, asiuze mbuzi, asigawe kipande cha shamba alichopewa kule, asitoe watoto masomoni. Vile vyote ndivyo njia yake ya kwenda tena.

Aone nini?

Alale kijijini. Siku moja ya kupita na moto hairuhusu kuona kitu. Alale usiku mine ao mitano, na kati yao siku ya soko iwemo. Usiku ndio unaosema kama kuna usalama. Aangalie kama watu wanalala nyumbani kwao ao wanaenda kulala kwingine. Ahesabu bariera za njiani, na kila moja inaomba kiasi gani, kwa sababu mwenye kuuza maharagi atalipa pale kila juma. Na kama anaweza, aje wakati wa mvua, Oktoba ao Aprili. Mwezi wa saba kila barabara ni nzuri. Barabara ya kutoka Sake kupanda Masisi uione kwenye matope, ndipo utajua mgonjwa atafika hospitali kwa saa ngapi.

Kuhusu shamba, aende polepole. Sheria yetu ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, lakini kijijini ni shefu na wazee wanaojua mipaka. Aulize nani analima leo, tangu lini, na nani alimpa. Yule anayelima anaweza kuwa naye ni mkimbizi wa kijiji kingine, hana pa kwenda. Mtu akifika na kusema "nimekuja kufukuza", amewasha moto kabla hata familia haijafika. Asalimie shefu, akae na majirani waliobaki, aandike majina ya mashahidi. Mapatano ya tarehe 23 Machi 2009 yalisema ziundwe kamati za upatanisho za mahali, hasa kwa mambo kama haya. Aulize kama iko mojawapo karibu na inafanya kazi. Na dada zetu, mujue: sheria ya familia inampa mtoto wa kike urithi sawa na kaka yake. Dada ana haki ya kuja kuuliza juu ya shamba la baba yake, asingoje kaka aende kwanza.

Masomo. Tangu mwaka wa masomo 2019-2020, shule ya msingi ya Serikali ni bure kwa sheria. Aende kwa direkta aulize kama kwa kweli hakuna kitu kinacholipwa. Na aulize lile swali gumu: mtoto aliyesoma miaka mitano kwa Kiingereza Uganda, huku kwenye Kifaransa ataingizwa darasa gani? Mtoto wa miaka 13 akirudishwa kukaa na wa miaka 8 anaweza kuacha masomo kabisa. Kama kuna mwalimu wa kumsaidia miezi ya kwanza, aandike jina lake. Kama hakuna, hilo nalo ni jibu.

Afya. Kama nyumbani kuna mtu anayekunywa dawa kila siku, ya damu kupanda, ya sukari, ya virusi vya ukimwi, aende kituo cha afya na jina la dawa mkononi. Asiulize "dawa ziko?" Aulize "hii iko? Mwezi uliopita ilikuwako?"

Na mwisho, bei. Gigozi ya maharagi inauzwa ngapi, ya unga ngapi, mfanyakazi wa shamba analipwa ngapi kwa siku. Hesabu hii inasema kama nyumba itakula kutoka siku ya kufika mpaka mavuno ya kwanza. Anayefika Desemba amekwisha kosa kupanda kwa mwezi wa tisa. Atangoje majira ya pili, na maharagi yake ya kwanza atayala katikati ya mwaka.

Kurudi kusema

Aliyeona akifika kambini, aanze na yale mabaya. Mazuri yatajisema yenyewe. Akae na nyumba nzima, wazee na watoto, asome yale maswali ya karatasi. Kisha wape usiku kadhaa wa kufikiri. Majibu yanayowezekana ni zaidi ya mawili. Wanaweza kusema ndiyo, wanaweza kusema hapana, wanaweza kusema tungoje mavuno, ao mtoto amalize mtihani kwanza. Kuna nyumba zinazogawanyika: wawili watangulie kujenga, wengine wafuate. Hilo nalo ni sawa, kama wamelipatana na anayebaki na watoto hakulazimishwa.

Kwa wafadhili wetu

Sasa ninageukia wale wanaotusaidia, na ninasema kwa heshima. Ripoti nyingi zinahesabu watu waliorudi. Nyumba ikirudi, inaandikwa. Mama mmoja alikuja mwaka jana kutoka Uganda, akalala usiku tano kijijini kwao, akaona maji ni saa mbili kwa miguu na shamba liko na kesi, akasema: "Hapana, bado." Akapanda gari akaenda. Katika ripoti, mama huyo ni sifuri. Kwangu, watoto wake watano hawakulala chini ya shiti msimu wa mvua, na shamba lile halikumwaga damu. Franga za safari yake zilifanya kazi yote tuliyozitumia kwayo.

Ninaomba basi mambo matatu.

Wanachama: katika likelemba yetu tutenge fungu dogo la safari za kuona. Fungu hilo lilipe kwenda na kurudi pamoja, na franga za kurudi ziwekwe mkononi mwa anayesafiri kabla hajatoka. Tusimfanye mtu mateka wa nauli.

Wanachama tena: kila anayekuja kuona apokelewe na mmoja wetu aliye kijijini kule. Ampe mahali pa kulala, amfikishe kwa shefu, kwa direkta na kwa muganga. Asimshawishi. Akiulizwa wewe unaonaje, aseme ukweli wa nyumba yake, na aseme kwamba ni ya kwake.

Wafadhili: mukihesabu, muhesabu pia walioona na kusema hapana, na munapofuata wale waliosema ndiyo, muwafuate mpaka mavuno ya pili. Hapo ndipo tutajua kama waliona vizuri.

Usalama wa kwetu unageuka. Kilichoonwa mwezi wa tatu kinaweza kuwa si kweli mwezi wa sita, kwa hiyo kati ya kuona na kusafiri simu zisikatike. Wale wanaotuuliza tukuje ao tubakie, tuwajibu hivi: tuma mtu aje, tutampokea, na tutamrudisha kwenu salama. Mengine mutayaamua ninyi.