Aleksandr Sokurov na Jicho Lisilo na Haraka



Anapotajwa Aleksandr Sokurov, mwongozaji wa filamu wa Urusi, wengi hukimbilia Safina ya Urusi ya mwaka 2002, filamu nzima iliyopigwa kwa mkupuo mmoja ndani ya jumba la makumbusho la Hermitage, St. Petersburg. Wana haki. Tarehe 23 Desemba 2001 mpigapicha Tilman Büttner alitembea na kamera mwilini kwa takriban saa moja na nusu, kutoka ukumbi hadi ukumbi, bila kukata hata mara moja. Lakini nashikilia kwamba sifa za ufundi huo zimemfunika msanii mwenyewe.

Sokurov alianza kazi kwa kunyimwa. Sauti ya Upweke ya Mwanadamu, filamu aliyoitengeneza akiwa mwanafunzi wa chuo cha sinema cha Moscow, ilikataliwa. Mwongozaji Andrei Tarkovsky alimtetea, akamsaidia kupata kazi katika studio za Lenfilm, lakini filamu yenyewe haikuonekana hadharani hadi 1987. Mtu aliyepitia hayo angeweza kujifunza kuwapendeza wenye kutoa kibali. Yeye hakujifunza.

Itazameni Mama na Mwana, ya 1997. Mama ni mgonjwa, anakaribia kufa. Mwanawe anambeba mikononi na kumpitisha njiani, taratibu, miti ikiyumba kwa upepo. Hakuna kisa kingine. Sokurov aliweka mbele ya lenzi vioo alivyovipaka rangi, na miili ikarefuka na kulala upande kama iliyochorwa kwa brashi. Maneno ni machache mno. Unasikia upepo, pumzi, radi ya mbali. Mtazamaji aliyezoea kusukumwa na matukio atachoka mapema. Atakayevumilia ataona jinsi mkono mmoja unavyoweza kubeba uzito wa filamu nzima.

Jicho hilohilo akalielekeza kwa watawala: Hitler katika Moloch, Lenin katika Taurus, Mfalme Hirohito katika Jua. Hakutafuta viwanja vya vita wala hotuba. Lenin wake amepooza, yumo katika jumba la mashambani, na kuzidisha 17 kwa 22 kumemshinda. Kwangu mimi hakuna hukumu ya mamlaka iliyo kali kuliko hiyo, kwa sababu imetolewa bila chuki. Mfululizo huo wa filamu kuhusu mamlaka aliufunga kwa Faust, iliyompatia Simba wa Dhahabu mjini Venice mwaka 2011.

Jicho hilo alilirithisha pia: kuanzia 2010 alifundisha vijana huko Nalchik, Kaukazi, na katika darasa hilo wakatoka waongozaji Kantemir Balagov na Kira Kovalenko. Lakini kunyimwa hakukuisha: mwaka 2023 Wizara ya Utamaduni ya Urusi ilikataa kuipa kibali cha kuoneshwa filamu yake Hekaya.

Wanafunzi wetu wa sinema, nawasihi: msianze na Safina. Anzeni na Mama na Mwana, muitazame mkiwa mmezima simu.